Ulimi wa Mwanamazingaombwe

Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kuitia sanaa ile ya kuifanya shilingi ipotee kiganjani na kamba iliyokatwa iungane tena: mazingaombwe na kiinimacho. Neno la pili lina hekima yake. Limebeba jicho ndani yake, na jicho hilo si la mchezaji, ni la mtazamaji. Ni kana kwamba wenye lugha walikwisha kutambua zamani kwamba ajabu ile haitendeki mkononi mwa anayecheza, bali hutendeka machoni mwa anayetazama. Qurani nayo, katika Sura ya Al-Aaraf, inapoeleza habari za wachawi wa Firauni, inataja kuwa walichokiroga ni macho ya watu. Na katika Sura ya Taha, kamba na fimbo zao zilimdhihirikia Nabii Musa kama vitu vinavyokwenda mbio. Havikwenda. Vilionekana kwenda.

Hata hivyo, jicho halidanganyiki peke yake. Mlango wake aghalabu ni sikio. Mtu akiulizwa jambo, humwinulia muulizaji uso. Akichekeshwa, hupumzisha macho. Akiambiwa “tazama hapa,” hutazama hapo, na pale pengine pakabaki bila mlinzi. Ndiyo maana mwanamazingaombwe asiye na maneno ni sawa na nahodha mwenye tanga asiye na upepo. Vidole vyake vinaweza kuwa vyepesi kuliko vya mshona kofia, lakini watu watakaa wakivitazama, na vidole vikitazamwa sana husema siri zao vyenyewe.

Jambo hili linadhihirika vyema katika kisa cha mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Magamba, katika milima ya Usambara. Magamba ni kijiji cha juu kidogo ya mji wa Lushoto, pembezoni mwa msitu mkubwa wa hifadhi wenye mbega na vijito, mahali ambapo Juni na Julai mtu huamka akauona ukungu umeketi mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Ndipo pia kilipofunguliwa, mwaka 2007, chuo cha elimu ya juu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, ambacho kilijulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mwalimu huyu alikuwa na kazi yake ya chaki na ubao. Mazingaombwe yalikuwa ya Ijumaa jioni, baada ya usafi wa shule, na ya sherehe za kumaliza darasa la saba.

Sanaa yenyewe aliipenda tangu utotoni. Watu wa rika lake wanakumbuka jinsi wanamazingaombwe walivyokuwa wakizunguka mashuleni. Kila mtoto alitoa senti zake, madirisha ya darasa yakafungwa kwa khanga, na mtu mmoja mwenye sanduku la bati akasimama mbele kutoa kitambaa kisichokwisha mdomoni. Alichokichukua kutoka kwao, zaidi ya ufundi, kilikuwa ni maneno. Nayo maneno yao yalikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yasiyo na maana katika lugha yoyote, abrakadabra na ndugu zake, ambayo Wazungu wenyewe wanayo ya kwao tangu karne nyingi. Namna ya pili ni majigambo: kwamba mchezaji amefunzwa kuzimuni, kwamba ana jini mtiifu, kwamba anayemcheka atarudi nyumbani hana sauti.

Mwalimu alianza kwa kuyatumia hayo ya kwanza, na watoto wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kumcheka yeye. Neno geni likishasikika mara tatu hugeuka kuwa kelele. Akajaribu kuyapamba kwa sauti za Kiarabu kama alivyowahi kuwasikia wengine wakifanya. Hapo mzee mmoja wa msikitini, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye benchi la wazazi, alimngoja hadi mwisho, akamshika mkono, akamwambia kwa upole: “Mwanangu, maneno yanayofanana na ya Mwenyezi Mungu si ya kuchezea shilingi.” Mwalimu akajibu, “Nimesikia, baba,” na tangu siku hiyo sauti zile hazikusikika tena.

Basi akaanza kutafuta maneno ya kwake, na chuo chake kikawa gulio. Siku ya gulio mjini Lushoto, muuza mitumba husimama juu ya meza akizungusha shati hewani, na kwa muda wa dakika tano hanyamazi. Husifu kola, huuliza nani ana harusi, humtania mzee aliyepita na mke wake, hutaja bei, huishusha, huapa kwamba hatashusha tena, kisha huishusha. Mwalimu alisimama pembeni akimsikiliza kama mtu anayesikiliza utenzi. Alitambua kwamba mnadi yule hasemi ovyo. Pale anapoficha tundu la shati kwa kidole gumba, hapo ndipo anapouliza swali. Pale mnunuzi anapotaka kuligeuza shati aone mgongo wake, hapo ndipo utani unapokuja. Neno limewekwa mahali pake, kama kina kinavyowekwa mwisho wa kipande, na lisipokuwapo pale pale, kazi yote inapwaya.

Kutoka gulioni alirudi na kanuni chache alizoziandika katika daftari la maandalio ya masomo. Kwanza, usieleze kwa mdomo kile ambacho macho yanakiona, kwani ukisema “mkono huu hauna kitu,” umekwisha kumtia mtu shaka ambayo hakuwa nayo. Pili, kitendo cha siri kifanyike wakati watu wanajibu, si wakati wanangoja. Tatu, ajabu ikishatendeka, nyamaza. Aliyestaajabu hahitaji mkalimani. Nne, kitu kiwe na habari yake, kwa sababu watu hawaombolezi kupotea kwa kitu wasichokijua.

Kanuni ya nne ndiyo iliyomzalia hotuba yake ya kwanza iliyo nzuri. Aliishika shilingi mia, akaionyesha, akasema: “Shilingi hii ni ya Mombo. Imezaliwa kwenye joto, imekulia kwenye joto. Leo asubuhi imepanda gari kuja huku bila koti. Soni ikaanza kupiga chafya. Lushoto ikatetemeka. Sasa imefika Magamba. Ninyi mnaijua baridi ya Magamba; je, ingekuwa wewe ungefanya nini?” Watoto wakajibu kwa pamoja, “Ningejificha!” Na katika neno hilo moja, lililotoka vinywani mwao wenyewe, shilingi ikajificha. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona na maporomoko, na kila mtoto pale alikuwa na shangazi au mjomba aliyewahi kuja kutoka bondeni akatetemeka vivyo hivyo. Hawakuwa wakitazama tena kipande cha chuma. Walikuwa wakimtazama mgeni.

Angeweza kuishia hapo na akawa mchekeshaji mzuri wa sherehe za shule. Lakini alikuwa na mchezo mwingine uliopendwa kuliko wote: karatasi nyeupe za daftari alizozikunja, akazipuliza, zikafunguka zikiwa noti za shilingi elfu moja. Maneno ya mchezo huo aliyaacha yalivyokuwa tangu utoto wake, kwamba pesa yake huzaa kama mbuzi, na kwamba anayeijua lugha ya pesa hafi maskini. Watu wazima walikuwa wakisimama madirishani kuutazama. Baada ya onyesho moja, mjane mmoja wa jirani alikuja nyumbani kwake magharibi, akaketi kwenye kibaraza, wakaamkiana. “Onga mshi,” kasema, ingawa jua lilikuwa limekwisha kutua, naye akaitikia, “Niwedi, mama.” Kisha mama akafungua pindo la khanga, akatoa noti mbili za elfu kumi zilizolainika kwa kukunjwa, akaziweka juu ya mkeka. Alikuwa na mtoto anayeingia sekondari. Hakutaka zizae sana, alisema. Alitaka zizae mara mbili tu.

Mwalimu alizirudisha zile noti mkononi mwa mama, akaleta karatasi zake na kumwonyesha hatua kwa hatua jinsi mchezo unavyokwenda: kikunjo kiko wapi, noti imelala wapi kabla. Mama alitazama yote. Mwisho akatikisa kichwa na kusema, “Sawa, mwanangu. Kama hutaki kunisaidia, usinionyeshe ya watoto.” Akaondoka akiamini kwamba amenyimwa.

Kisa hiki kidogo kina uzito kuliko michezo yote. Macho ya mama yule yalikwisha kuona ukweli, lakini maneno yaliyotangulia yalikuwa yamekaa mahali pagumu zaidi kufikika. Kiinimacho cha mkono kinakwisha mkono ukifunguliwa. Kiinimacho cha ulimi hubaki na kuendelea na kazi hata mwenye ulimi akitaka kikome. Na wapo wasiotaka kikome. Wacheza karata tatu wa stendi za mabasi wana vidole vilevile na hila zilezile. Matapeli wa kuzalisha pesa wana karatasi zilezile. Tofauti yao na mwalimu haiko mkononi, iko katika sentensi.

Historia ya nchi hizi ina ushahidi wa kutosha juu ya sentensi hiyo. Joseph Thomson, mpelelezi wa Kiskoti aliyefika Usambara mwaka 1879 pamoja na Keith Johnston, alirudi Afrika Mashariki na kukatiza nchi ya Wamaasai katika miaka ya 1883 na 1884. Alijitangaza kuwa laibon mweupe. Ushahidi wake ulikuwa chumvi ya dawa ya tumbo inayofoka povu ikitiwa majini, na meno yake ya bandia, aliyoyachomoa na kuyarudisha mbele ya watu. Povu ni povu na meno ni meno. Kilichovifanya viwe uganga ni maneno yaliyofuatana navyo, yakipita vinywani mwa wakalimani. Kabla yake, mwaka 1856, serikali ya Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Robert-Houdin, kwenda Algeria ili kuwashinda kwa ajabu wale waliosifika huko kwa miujiza. Alikuwa na kisanduku kidogo ambacho mtu yeyote angekiinua. Kisha alimwambia mtu mwenye nguvu kwamba anamwondolea nguvu zake, na sumaku ya umeme iliyofichwa chini ikakishika kisanduku kisiinuke. Angeweza kusema, “Nitakifanya kisanduku kiwe kizito.” Alichagua kusema, “Wewe utakuwa dhaifu.” Kwa chuma kilekile na umeme uleule, sentensi moja iligeuza mchezo ukawa silaha ya utawala.

Milima ya Usambara yenyewe inajua jinsi sifa inavyotangulia tendo. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, ametuachia kwa Kiswahili masimulizi ya Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Nguu na kuwa mtawala wa Wasambaa. Katika masimulizi hayo Mbegha ni mtu wa mikuki na mbwa, muuaji wa nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, lakini pia ni mtu ambaye habari za uganga wake hufika kijijini kabla yake. Nyama aliyoigawa iliwashibisha watu, na maneno yaliyoandamana na nyama ndiyo yaliyompandisha. Tofauti ni kwamba nguruwe wale waliuawa kweli.

Na kuna upande wa giza wa jambo hili ambao si wa zamani. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 Tanzania ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, waliowindwa kwa sababu kuna watu waliosema, na watu waliosadiki, kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2009 serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928 enzi za Waingereza, inahesabu kuwa uchawi hata kule kujidai tu kuwa na nguvu au elimu ya siri. Sheria hiyo ina mengi ya kuhojiwa, ila katika hili imegusa mfupa: dai lenyewe ni tendo. Mtu anayesimama mbele ya watoto mia mbili na kusema kwamba pesa huzaa kwa maneno ya siri hajaua mtu, wala hajamwibia mtu. Lakini amelima shamba ambalo mwingine atakuja kupanda.

Mwalimu hakuacha mazingaombwe. Wapo waliomshauri aache, na ushauri wao ulikuwa na hoja. Yeye aliona kwamba mtoto ambaye hajawahi kudanganywa kwa mchezo, na akajua kuwa amedanganywa, atakuwa windo jepesi atakapodanganywa kwa dhati. Alichofanya ni kuandika upya ulimi wake. Mchezo wa noti ulipata maneno mapya: karatasi zikawa barua, na kilichopatikana ndani ya kikunjo kikawa ua la karatasi badala ya fedha. Na mwanzo wa kila onyesho ukawa huu: “Mimi si mganga, si mchawi, wala sina jini. Nina vidole kumi na ulimi mmoja, na vyote nimevifanyisha mazoezi. Leo nitawadanganya. Nimewaambia mapema. Anayeweza anikamate.”

Waliosikia maneno hayo mara ya kwanza walidhani ameiua sanaa yake kwa mkono wake. Nani atashangaa akishaambiwa kuwa ni uongo? Ikawa kinyume. Watoto walisogea mbele, macho makali, kila mmoja akitaka kuwa ndiye atakayemkamata, na shilingi ilipopotea pamoja na makali hayo yote, mshangao ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani, na ulikuwa safi. Hakuna aliyerudi nyumbani na hofu. Walirudi na swali.

Mmoja alimkamata. Alikuwa msichana wa darasa la tano asiyeona, aliyekaa safu ya mbele akiwa ameinamisha kichwa. Shilingi ya Mombo ilipojificha na wenzake wote wakapiga kelele kwamba haipo, yeye alinyosha mkono, akasema: “Shikamoo mwalimu. Shilingi haijaenda popote. Imegonga pete yako.” Darasa likanyamaza. Mwalimu akafungua mkono, na shilingi ilikuwa pale, imeegemea pete. Macho mia mbili yalikuwa yamefuata maneno, nalo sikio moja lililozoea kuchambua sauti lilikuwa limeyapita maneno na kukifuata chuma.

Kwa fundi wa kawaida hilo lingekuwa somo dogo: vua pete, au sogeza kicheko kifunike mlio. Mwalimu alivua pete, lakini pia alijiuliza ni kitu gani alichokuwa akimpa mtoto yule kila Ijumaa, zaidi ya kelele za furaha ya wengine. Akatunga mchezo wa masikio. Mkebe wa bati hutikiswa, nao uko kimya. Shilingi hutiwa ndani moja moja, na kila inayoanguka hulia. Watoto wote hufumba macho na kuhesabu pamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha mkebe huwekwa mikononi mwa asiyeona aupapase mwenyewe. Ndani hamna kitu ila jiwe moja la mtoni, lenye baridi. Maneno ya mchezo huu ni machache kuliko ya michezo mingine yote. Mwalimu husema tu, “Hesabuni,” na baadaye, “Tazama kwa vidole, mwanangu.” Ilimchukua miezi kuyafikia maneno hayo mawili, kwa kuwa kila alichokiongeza kilimharibia mtoto kile alichokuwa akikisikia.

Wapenzi wa ushairi watalitambua jambo hili bila kuonyeshwa. Mshairi naye hufumba na kufumbua. Humpeleka msikilizaji upande mmoja kwa kina na mizani, huku maana ikipita upande wa pili kimyakimya, na kibwagizo kinaporudi mara ya nne kinamkuta mtu amekwisha kubeba kitu asichojua alikipokea lini. Anayefumba jina la mpenzi ndani ya habari za jahazi anasema uongo, na wote barazani wanajua kuwa hakuna jahazi. Uongo huo haumdhuru mtu kwa sababu mlango wake uko wazi: atakaye kufumbua na afumbue. Fumbo lina heshima pale tu ambapo msikilizaji anajua kuwa limefumbwa. Likiondolewa ujuzi huo, halibaki fumbo tena, huwa hila.

Si kwamba mjane yule alikuwa mjinga kuliko watu wa barazani. Aliambiwa fumbo kwa sauti ya habari, na hakuna aliyemdokeza kwamba hapa panachezwa. Kwa hiyo adabu ya ulimi, katika ushairi kama katika mazingaombwe, haianzi kwenye uzuri wa maneno, maana wacheza karata tatu nao wana maneno mazuri. Inaanza pale msemaji anapomwachia msikilizaji njia ya kutokea.

Mama yule aliendelea kupita mbele ya nyumba ya mwalimu kila alipokwenda gulioni na kabichi zake kichwani. Waliamkiana kama majirani wanavyopaswa, na la zaidi hakusema. Mtoto wake aliingia sekondari. Ada ilipatikana kwa viazi na kwa mchango wa ndugu. Siku moja ya Ijumaa alionekana dirishani, nyuma ya wazazi wengine, akisikiliza maneno mapya: si mganga, si mchawi, wala sina jini. Alisikiliza mpaka mwisho. Shilingi ilipopotea alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga, na haikujulikana kama alikuwa akicheka au akiguna.

Kama alisadiki, hakuna ajuaye. Maneno ya kwanza huingia yakikimbia, na ya kuyafuta huenda yakichechemea. Mwalimu anayarudia kila Ijumaa.